Miezi mitatu ya Kihispania kabla ya kujitolea: nisome hapahapa Mombasa ama niende kwao?

#1 BintiTudor
Wadau, salamu. Nina miaka 26, mwalimu wa chekechea, mzaliwa wa Tudor. Nimepata nafasi ya kujitolea mwaka mzima Guatemala, kwenye maktaba ya watoto katika mji mdogo wa milimani. Kazi yaanza Januari. Mshahara hakuna, chumba na chakula vipo. Sharti lao ni moja: nikifika niweze kuongea na mzazi aliyesimama mlangoni bila kuita mkalimani.

Sasa akili imegawanyika. Niende Oktoba nisome mji wa Antigua, hukohuko Guatemala, miezi mitatu, mwalimu mmoja mwanafunzi mmoja, nikae na familia, mwisho wa wiki nizunguke nchi? Ama nibaki hapa nisome kwa simu na vitabu, akiba isiguswe, nipande ndege mwisho wa Desemba?

Kinachonikwaza ni binamu yangu. Alikaa Antigua miezi mitatu kamili, karudi na Kihispania cha kuagiza kahawa. Na kuna kijana nilisoma naye mpaka darasa la sita akaacha shule, leo yuko Watamu kwenye watalii, anaongea Kiitaliano mpaka ndotoni. Hakuna aliyemfundisha. Nielezeni, kwa nini lugha humuingia huyu na kumkataa yule?

#2 Jahazi77
Njaa, dada. Sina jibu jingine. Nimeuza vinyago ufuoni miaka minne. Usipojua kutaja bei kwa lugha ya mwenye pesa, jioni unarudi na vinyago vyako. Binamu yako alikuwa amelipa yeye. Anayelipa hubembelezwa, hata akikosea huambiwa "muy bien", vizuri sana.

#3 Nyali_Poa
Njaa gani, hii ni hesabu tu. Shule inayofundisha wanadiplomasia wa Marekani iliwahi kukadiria Kihispania kuwa saa 600 hadi 750 za darasani. Kiswahili chetu walikipa 900, kwa hivyo tuwe na fahari kidogo. Antigua ni saa 4 kwa siku, siku 5, wiki 12. Jumla 240. Binamu hakufika hata nusu ya njia. Muacheni.

#4 Shaaban_wa_Mwembe
Kwani Kihispania si tunacho tayari? Meza ni mesa, bendera ni bandera, pesa ni peso. Wewe nenda tu, ukikwama sema Kiswahili polepole.

#5 Ngeli_Mbili
Nyali_Poa, hizo saa zimepimwa kwa mtu aliyekua na Kiingereza. Mtoto wa Tudor hakupimwa na yeyote, na mtoto wa Tudor ana mtaji.

Anza na irabu. Wanazo tano, zilezile zetu, hazigeukigeuki. Mkazo sisi huuweka silabi ya pili kutoka mwisho. Wao pia, ikiwa neno laishia na irabu, n au s, na likivunja kanuni hukuwekea alama juu ulione. Ile ñ ni ny. Ile j ya Hispania ni kh ya Khamisi, ila Guatemala wameilainisha imekuwa h.

Halafu kitenzi. "Hablo" ni neno moja na nafsi imo ndani, kama "nasema". Mzungu hulia mwaka mzima na ser na estar, vitenzi vyao viwili vya "kuwa", wewe umezaliwa nazo: "mimi ni wa Mombasa", soy de Mombasa, "niko Mombasa", estoy en Mombasa. Na ile namna ya kutaka na kuomba inayowatoa jasho madarasani? "Unasema", lakini "nataka useme". A ya mwisho yawa e. "Hablas", lakini "quiero que hables". A yawa e! Siku niliyoligundua hilo nilicheka peke yangu ndani ya matatu, abiria wakanisogea mbali. (Msinishike na comer, "kula", najua hiyo huenda kinyume, comes huwa comas.)

Na mtu aliyemudu ki-vi, li-ya na u-zi ataogopaje ngeli mbili, kiume na kike? Jina langu humu lilitoka hapo.

#6 Jahazi77
Mwalimu, yule kijana wa Watamu hajui ngeli ni nini, na anakula kwa Kiitaliano.

#7 Ngeli_Mbili
Hajui jina lake. Kuitumia anaitumia tangu alipoachishwa ziwa.

#8 MzeeWaFeri
Nimewasoma kimya, sasa mimi. Nilivua jodari misimu mitatu kwenye meli ya Wahispania, tukitia nanga Victoria, Shelisheli. Darasa halikuwepo. Serahangi akipiga kelele "jala!" unavuta, "suelta!" unaachia. Ukichelewa kuelewa, kamba inakuelewesha yenyewe. Mwezi wa pili nilikuwa nasikia kila kitu.

Sasa Jahazi, hiyo njaa yako sikatai, lakini uliza imenifundisha nini. Tulikutana bandarini na mabaharia Wahispania wa Galicia, wakaniuliza swali nikajibu kwa madaha "bai, bai". Walicheka mpaka wakakaa chini. Kumbe meli yangu ilikuwa ya Bermeo, kwa Wabaski, watu wa kaskazini mwa Hispania wenye lugha yao, na "bai" ndiyo "ndiyo" yao. Nusu ya Kihispania changu kilikuwa Kibaski! Na kile kilichobaki kilikuwa matusi. Mpaka leo sijui kuomba chumvi kwa adabu. Binti, wewe wataka kuongea na mzazi mlangoni. Usijifunze kwa serahangi.

#9 Shaaban_wa_Mwembe
Mzee, hebu tupe tusi moja la Kibaski.

#10 Msimamizi
Hapana.

#11 SistaWadi7
Mimi sijavuka hata Lunga Lunga na Kihispania ninacho. Madaktari wa Cuba walipokuja Kenya 2018, wadi yetu ilipata mmoja. Kiingereza chake kilikuwa cha mkato, Kiswahili sufuri. Wagonjwa wakanigeuza mkalimani kwa nguvu. Miezi sita baadaye yeye alijua "vuta pumzi" na "pole mama", na mimi nilijua "respire" (vuta pumzi), "acuéstese" (lala), "¿dónde le duele?" (unaumwa wapi?). Kwa hivyo hapahapa inawezekana, ukimpata mtu.

Tatizo nililigundua siku nilipomsikiza Mhispania kwenye video. Sikuelewa kitu. Wacuba humeza s ya mwisho, na yangu nayo nimeimeza.

#12 BintiTudor
Asanteni. Mzee, shikamoo, nimecheka mpaka mama kaja kuuliza kuna nini. Dada Sista, huyo daktari yuko bado?

#13 SistaWadi7
Alisharudi kwao. Aliondoka na leso mbili na chupa ya achari ya maembe.

#14 BiKizingo
Kwanza nimrekebishe Shaaban. Pesa imetoka kwa Wahindi, paisa, haihusiani na peso. Meza na bendera zimeletwa na Mreno, si Mhispania. Wamefanana kwa sababu lugha zao ni ndugu.

Sasa binti. Mimi nilikaa Guatemala mwaka 2011 na 2012, mji wa Quetzaltenango. Wenyewe huuita Xela, na hutamkwa Shela. Niliposikia "tunakupeleka Shela" moyo ulitulia, nikadhani nitaona kitu kama Shela yetu ya Lamu. Nikashuka na dera langu jepesi mahali penye mita 2,330 juu ya bahari! Limuru ni cha mtoto. Usiku wa kwanza nililala na soksi, sweta na kitambaa kichwani, na bado meno yaligongana. Antigua ni nafuu, mita 1,500 hivi, chini kidogo ya Nairobi.

Nilisoma wiki kumi kabla ya kuanza kazi. Wiki sita za kwanza nilikuwa bubu. Darasani nafanya mazoezi yote sawa, nikitoka nje mdomo unafungwa. Haikuwa njaa wala hesabu, ilikuwa aibu. Sisi tumelelewa kwamba mtu mzima haongei kama mtoto. Na lugha mpya haina njia nyingine, lazima uongee kama mtoto kwanza.

Kilichonifungua ni jikoni. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, Kiingereza hajui hata neno. Jioni tunakaa kuchambua maharagwe meusi. Ananyooshea kidole kitu, anataja. Nami nanyooshea, nakosea, anacheka, nacheka. Mahindi yao huchemshwa kwanza na chokaa kabla ya kusagwa, siku niliyoona nilidhani ataniua. Nilimuuliza maswali mengi kuhusu ile chokaa kuliko niliyomuuliza mwalimu kwa wiki nzima. Wenzangu wa shuleni, Wazungu vijana, kila jioni walikuwa pamoja wakiongea Kiingereza. Na mtego huo ni mkubwa zaidi kwetu Wakenya, kwa sababu Kiingereza tunacho, na aibu ikikukaba unakikimbilia.

Kama ni Muislamu, maharagwe ya kukaanga mara nyingi hutiwa mafuta ya nguruwe. Uliza mapema, "¿lleva manteca de cerdo?" Mimi nilichelewa kuuliza, Mungu anisamehe.

#15 Shaaban_wa_Mwembe
Bi, nimekubali kuhusu pesa. Ila 1593 Fort Jesus ilipoanza kujengwa, taji la Ureno lilikuwa kichwani kwa Felipe, mfalme wa Hispania. Kwa hivyo ile ngome ni ya Mhispania, mnibishie.

#16 BiKizingo
Mfalme Mhispania, walioijenga ni watu wa Ureno, mchoraji wake Mtaliano. Tuishie hapo, tusimpotezee binti uzi wake.

#17 Ngeli_Mbili
Mkitaka undugu wa kweli baina ya Kihispania na Kiswahili msiutafute kwa Mreno, utafuteni kwa Mwarabu. Waislamu walitawala sehemu za Hispania tangu 711 mpaka 1492, na maneno yakabaki. Fulani ni fulano. Sukari ni azúcar. Zaituni ni aceituna. Hata yetu ni hasta yao. Taarifa imekuwa tarifa, na maana yake huko ni orodha ya bei. Kadhi amekuwa alcalde, siku hizi ni meya! Na "ojalá", wanayoisema wakitamani jambo, ndani yake mna jina la Allah, ni binamu wa inshallah. Mtu wa Mvita akifungua kamusi ya Kihispania hukuta nyuso anazozijua.

#18 Nyali_Poa
Nyuso unazijua, majina yamebadilika. Haya maneno saba hayatamsaidia mzazi mlangoni.

#19 KadzoKaloleni
Samahani nikiharibu ladha. Kuna mambo mawili.

La kwanza, mnaongea kama vile Guatemala yote ni Kihispania. Sheria yao ya 2003 inatambua lugha za Kimaya, ambazo ni 22, na juu yake Kigarifuna na Kixinka. Milimani ndiko ziliko. Anayekwenda kumchukua mtoto maktaba huenda akawa ni nyanya yake, na nyanya akawa anaongea Kik'iche' au Kimam. Nyinyi watu wa mjini mkija Kinango na Kiswahili chenu kizuri, nyanya wa Kiduruma anawakaribisha kwa tabasamu na hamjaelewana. Kwa hivyo dada, hiyo miezi mitatu ya Antigua huenda inakutayarisha kwa mlango mwingine kabisa.

La pili, nimekulia jirani na nyumba ya watoto, kaskazini mwa kisiwa. Wageni walikuja kujitolea wiki mbili, tatu, mwezi. Wanaimba, wanapiga picha, wanalia siku ya kuondoka. Rafiki zangu mle ndani walikuwa wakiona tu mtu anafunga zipu ya begi wanaanza kujificha. Hao wageni wengi hawakujua hata "umekula?". Sasa na sisi tumeanza kwenda kufanya hivyo kwa watu? Shule niliyosoma mimi haina hata kabati la vitabu. Njoo ujitolee kwetu, Kigiriama nitakufundisha bure.

#20 Jahazi77
Kadzo hapo umekaza sana. Mzungu akija kwetu sawa, Mswahili akienda kwao makosa? Atoke, aone dunia.

#21 KadzoKaloleni
Sikusema asitoke. Nimesema yule mtoto hajali pasipoti yako ni ya wapi.

#22 BiKizingo
Kadzo ana haki kwenye lugha. Mwalimu wangu wa Xela mwenyewe alikuwa Mk'iche', Kihispania alikijifunzia shuleni. Mwezi wa pili nikamuomba dakika kumi kila siku za lugha ya mama yake. Nilijua kusalimu na kushukuru tu, "maltyox", lakini sokoni nilikuwa nikilisema hilo moja wanawake wananiongezea nyanya.

#23 BintiTudor
Dada Kadzo, umenigusa. Si nyumba ya watoto, ni maktaba, watoto wanarudi kwao jioni, na ni mwaka mzima. Nilikataa ya miezi miwili kwa sababu hiyohiyo uliyosema. Lakini la lugha za Kimaya sikuambiwa na mtu. Nimewaandikia leo niulize watu wa mji ule wanaongea nini.

#24 BinamuMwenyewe (mwanachama mpya)
Nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu tu. Mimi ndiye binamu.

Kihispania cha kuagiza kahawa? Haya. Nikiwa Antigua nilikuwa nabishana nauli na ayudante wa camioneta, na mwajua huyo ni nani? Makanga. Yale mabasi ni ya zamani ya shule za Marekani, wameyapaka rangi na majina na taa kama matatu zetu, na ayudante ananing'inia mlangoni akipiga kelele "Guate, Guate, Guate!" Siku ya kwanza nilidhani nimefika Mwembe Tayari. Nilimbishia nikashinda.

Nilipanda Acatenango, mita 3,976, nikalala juu nikiitazama Fuego ikitema moto usiku ng'ambo ya pili. Nikashuka mpaka Livingston, pwani ya Karibi, hakuna barabara ya kufika, ni boti tu. Kule wako Wagarifuna, watu weusi kama sisi, na wakaniwekea mezani tapado: samaki, kaa, ndizi, vyote ndani ya tui la nazi. Nilikula kichwa chini nisionekane macho. Mwenye mkahawa akaniuliza natoka wapi, tukaongea saa mbili nzima. Kwa lugha gani? Si Kigiriama.

Nilirudi 2019. Nani Mombasa niongee naye? Mwaka wa kwanza nilikuwa najisemesha mwenyewe bafuni. Wa pili nikaacha. Sikukosa kujifunza, nimesahau. Hayo ni mambo mawili, na BintiTudor anajua, ila anapenda kunichongea.

#25 Jahazi77
Karibu binamu. Lakini 2020 watalii walipokatika kwa sababu ya korona, yule wa Watamu alikaa mwaka mzima bila kumuona Mtaliano. Waliporudi, Kiitaliano kilikuwa palepale. Kwa nini chake hakikuyeyuka?

#26 Nyali_Poa
Kwa sababu alikuwa ameshapita saa elfu kadhaa. Narudi kwenye hesabu yangu.

#27 SistaWadi7
Ama kwa sababu alikipata akiwa na miaka 13. Binamu alikwenda na miaka mingapi?

#28 BinamuMwenyewe
31. Asante kwa kunikumbusha.

#29 MzeeWaFeri
Mimi nilianza na 38. Yale maneno ya melini yamekataa kutoka hadi leo. Nadhani kinachoingia na hofu hakitoki.

#30 Nyali_Poa
BintiTudor, kabla hamjaendelea, shughulikia haya. Cheti cha homa ya manjano: nchi nyingi za kule humdai anayetoka Kenya, na chanjo huhesabiwa kuanza kufanya kazi siku 10 baadaye, usingoje wiki ya safari. Ukishachoma cheti ni cha maisha. Njia: ukipitia Marekani utahitaji viza yao hata kama hutoki uwanja wa ndege, wengi wamekwama hapo. Na ubalozi uulize kuhusu viza kabla ya kukata tiketi. Kukaa kama mgeni ni siku 90, na hizo huhesabiwa kwa Guatemala, El Salvador, Honduras na Nicaragua kwa pamoja, kwa hivyo kuvuka mpaka kwenda Honduras hakukuanzishii upya. Miezi mitatu ya masomo peke yake inazimaliza. Maktaba wakueleze mwaka mzima utakaa kwa kibali gani.

#31 BintiTudor
Hili la siku 90 lilikuwa linanipita kabisa! Asante kaka.

#32 Ngeli_Mbili
Huko usimwite mtu "kaka". Kwao caca ni mavi. Na "baba" ni udenda.

#33 Shaaban_wa_Mwembe
Uzi umeanza sasa.

#34 BintiTudor
Maktaba wamejibu. Wazazi wengi wanaongea Kihispania, wazee Kik'iche'. Wamesema nije Novemba badala ya Oktoba, niko huru kusoma mjini kwao badala ya Antigua, kuna mwalimu mstaafu anayefundisha kwake. Mji ni mdogo, mgeni atakuwa mimi tu.

#35 Jahazi77
Hapo sasa. Hakuna wa kukusemesha Kiingereza. Njaa itakuja yenyewe.

#36 BiKizingo
Ni vizuri, lakini atakuwa peke yake sana. Mimi bila wale wenzangu Wazungu wa jioni ningerudi wiki ya tatu. Niliwasema vibaya, lakini walinifaa. Mwanangu, fikiri hata hilo.

#37 BinamuMwenyewe
Na Livingston utafika lini? Nenda Antigua, uone nchi.

#38 BintiTudor
Wewe nyamaza, ama utufanyie mtihani hapa mbele ya watu. Sema kwa Kihispania "nataka uje kwetu Ijumaa".

#39 BinamuMwenyewe
Quiero que vengas a casa el viernes.

#40 Ngeli_Mbili
Sahihi. Hata vengas ameipata.

#41 Jahazi77
Amekopi kwa simu.

#42 BinamuMwenyewe
Njooni Tudor hiyo Ijumaa baada ya swala mnisikize kwa masikio yenu. Simu nitaiacha kwa mama.

#43 MzeeWaFeri
Kutakuwa na jodari?